Tumbo linauma wapi na saa ngapi? Fuata sahani moja ya ugali kuanzia mdomoni mpaka chooni

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka tisa sasa, na kama kuna maneno nimeyasikia kuliko "chenji unayo?" ni haya: "nina tumbo." Mtu anaingia kakunja uso, unamuuliza linauma wapi, anazungusha mkono kuanzia chini ya kifua mpaka kwenye mkanda wa suruali, "hapa hapa hapa hapa." Unamuuliza limeanza saa ngapi, ulikula nini, linauma kabla ya kula au ukishakula, anakuangalia kama vile unamnyima dawa makusudi. Na mimi nisipojua ni wapi na ni saa ngapi nabaki kubahatisha tu, na dawa ya kubahatisha hela yake ni ile ile.

Kwa hiyo leo tunafanya hivi: tunachukua sahani moja, ugali, maharage, mchicha wa nazi na dagaa, tunaila saa saba mchana alafu tunaifuata kituo kwa kituo. Kila kituo nitakwambia kiko wapi, kinafanya nini, kinaharibikaje na we ufanye nini. Sio mbadala wa daktari, ni ili ukifika kwa daktari uwe na kitu cha kumwambia.

Kabla ya yote, chora ramani

Lala chali, vuta picha ya mstari mmoja unaopita kwenye kitovu kwenda chini na mwingine unaokatiza kushoto kulia. Umepata vyumba vinne. Kulia na kushoto ni kwako we uliyelala, sio kwa anayekuangalia, hapa watu wanachanganya sana.

Juu kulia, chini ya mbavu, kuna ini, kama kilo moja na nusu, na chini yake umejificha mfuko wa nyongo. Juu kushoto ndo kuna mfuko wa chakula. Chini kulia unaanza utumbo mpana na hapo ndo kidole tumbo kinaning'inia. Chini kushoto ni mwisho wa utumbo mpana, uchafu unasubiri zamu. Katikati kote kuzunguka kitovu ni utumbo mwembamba umejikunja. Kongosho liko nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, ndo maana likichafuka maumivu yanatoboa mpaka mgongoni.

Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa maana tumbo ni lile la nje unalopigapiga ukishiba, ni mfuko wa chakula, ni utumbo, na hata mimba ni tumbo. Bibi yangu yeye kila maumivu ya chini ya kifua alikuwa anaita chango, basi, akachemsha majani. Kwenye mwongozo huu nikitaka kusema kile kifuko kinachopokea chakula nitasema mfuko wa chakula.

Na kama umewahi kusimama pembeni wakati mbuzi anapasuliwa, nusu ya kazi umeshaimaliza. Ini, nyongo ambayo mchinjaji anaitoa kwa adabu zote isipasuke, utumbo mrefu usioisha, vyote vile ndo na we unavyo. Tofauti kubwa ni kwamba mbuzi na ng'ombe wana vyumba vinne vya kupokelea chakula, kikiwemo kile kinachofanana na taulo kwenye supu, we unacho kimoja tu.

Saa saba kamili: mdomo

Jaribio la kwanza, fanya leo. Chukua tonge la ugali mkavu bila mboga, litafune dakika mbili bila kumeza. Litaanza kuwa tamu. Hujawekewa sukari, ni mate yako yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi kinachokata wanga kuwa sukari, yaani mmeng'enyo umeshaanza na bado uko mezani. Kwa siku unatoa mate kama lita moja hadi moja na nusu na yote unayameza.

Meno ni 32 kwa mtu mzima, kama bado yote unayo. Kumbuka tu kwamba mbele huko hakuna meno mengine, nyama uliyoimeza kipande kipande ni mzigo unaoutupia mfuko wa chakula.

Sekunde chache baadaye: umio

Umio ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi, linapita nyuma ya njia ya hewa. Juu yake kuna kidakatonge, kifuniko kinachoziba njia ya hewa kila unapomeza, na ukicheka au ukiongea huku unameza kinachelewa, ndo unapaliwa. Chakula hakidondoki kama jiwe kisimani, misuli inakikamua kwenda chini kama mtoto anavyokamua barafu ya kwenye kifuko cha plastiki. Ndo maana hata ukilala unaweza kumeza.

Chini kabisa kuna koki ya misuli. Ikilegea asidi inapanda na hicho ndo kiungulia, moto katikati ya kifua, uchachu kooni, zaidi ukiinama au ukilala. Mwezi wa Ramadhani biashara ya dawa za kiungulia inachangamka kweli, maana mtu anafuturu uji, tambi, mihogo, bajia, nyama, chai, vyote ndani ya nusu saa alafu anajinyoosha kwenye mkeka. Kaa masaa mawili matatu kabla ya kulala, weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani (mito mingi haisaidii, inakukunja tu tumbo), lala ubavu wa kushoto, punguza mafuta usiku. Wengi wanapona kwa hayo bila kidonge.

Ila mambo mawili usiyachezee. Kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkono au taya na jasho linakutoka, hiyo usinunue dawa ya kiungulia, nenda hospitali sasa hivi, inaweza kuwa moyo. Na pili, chakula kuanza kukwama, mwanzo ugali na nyama alafu baadaye mpaka uji. Ukanda wetu huu kuanzia Ethiopia kupita Kenya na Tanzania mpaka Malawi una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi duniani. Sababu ni nyingi, ila mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Mzee anayejisifu anakunywa chai ikiwa inachemka mwambie aiache ipoe kidogo, haitapungua utamu.

Saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja jioni: mfuko wa chakula

Hapa nitakaa, maana nusu ya wateja wangu shida yao iko hapa.

Ukiwa mtupu mfuko huu ni mdogo, hauzidi ngumi sana, ukila unatanuka mpaka lita moja na zaidi. Ndani kuna asidi kali ya kutosha kuua vijidudu vingi vilivyokuja na kachumbari, na kuna pepsini, kimeng'enya kinachoanza kuwakatakata wale dagaa. Misuli inakoroga, inakoroga, mpaka sahani yako inakuwa uji mzito unaoruhusiwa kutoka kidogo kidogo. Wanga unawahi kutoka, mafuta yanachelewesha, kwa hiyo siku ya ugali na mchicha wa nazi kidogo saa kumi na moja pameshakuwa peupe, siku ya pilau la harusi usishangae saa mbili usiku bado umejaa.

Watu walijuaje haya? Mwaka 1822 kwenye kisiwa cha Mackinac, Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, akapona lakini akabaki na tundu ubavuni linaloingia moja kwa moja kwenye mfuko wa chakula. Daktari wake, William Beaumont, akawa anafunga vipande vya nyama kwenye uzi, anavitumbukiza, anavuta baada ya saa moja, mbili, tatu kuona vimeliwa kiasi gani! Mwaka 1833 akachapisha matokeo, na ndo ikaonekana wazi kwamba mle ndani kuna kemia inayofanya kazi, sio kusaga tu.

Sasa swali, kama asidi inameng'enya nyama kwanini haitumeng'enyi sisi? Kuna utando wa ute unaopaka ukuta wote wa ndani. Ute ukipungua au ukitobolewa, asidi inafika kwenye nyama yako, na hivyo ndo vidonda vya tumbo. Zamani iliaminika ni mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria anayeitwa H. pylori akaugua tumbo, ili kuonyesha kwamba mdudu huyu kweli anashambulia mfuko wa chakula, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapata Nobel. Huku kwetu zaidi ya nusu ya watu wazima wanaye, wengi bila dalili yoyote.

Sababu nyingine kubwa ni vidonge vya maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Vinapunguza ule ute. Hapa mimi ni shahidi, tena wa aibu, niliumwa jino nikawa nakunywa diklofenaki asubuhi na jioni wiki mbili, mara nyingi na tumbo tupu, mimi muuza dawa, na siku ya kumi na ngapi sijui nikaenda chooni nikakuta choo cheusi kama lami. Ile ni damu iliyopikwa na asidi. Nililazwa siku nne.

Kwa hiyo ukija na "nina tumbo" na maumivu yako ni pale katikati juu ya kitovu, nijibu: yanazidi ukila, au yanatulia ukila na yanakuamsha saa nane usiku? Mara nyingi la kwanza linaelekea kwenye kidonda cha mfuko wenyewe na la pili kidonda cha mbele kidogo, kwenye duodeni, kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, ingawa vinaingiliana. Hatua zake ni hizi: acha vidonge vya maumivu, omba kipimo cha H. pylori cha choo au cha pumzi (cha damu kinaweza kusema unaye hata kama ulishatibiwa), na ukiandikiwa mchanganyiko wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi maliza siku zote, hata kama siku ya tano unajisikia bingwa. Na maziwa sio dawa ya vidonda, yanapoza kwa muda alafu asidi inatoka zaidi.

Jioni: duodeni, pale wanapokutana watatu

Uji ukitoka unaingia kwenye duodeni, kipande cha sentimita 25 tu ila ndo kituo chenye kazi nyingi kuliko vyote. Nyongo inashuka kutoka kwenye ini, kongosho linaleta juisi yake ya kukata wanga, protini na mafuta, pamoja na kitu kama magadi cha kupoza asidi.

Nyongo utaielewa jikoni. Glasi ya maji, kijiko cha mafuta ya kula, koroga, mafuta yanarudi juu. Tia tone la sabuni ya vyombo, koroga tena, mafuta yamesambaa vipande vidogo vidogo. Hiyo ndo kazi ya nyongo, haikati mafuta, inayatawanya ili vimeng'enya viyafikie. Ini linatengeneza kama nusu lita hadi lita moja kwa siku, na mfuko wa nyongo unatunza kidogo kwa ajili ya mlo wenye mafuta. Kukiwa na mawe mle ndani, mfuko ukijikamua unaumia: juu kulia, nusu saa au zaidi baada ya chapati na nyama nono, unapanda mpaka begani kulia. Omba ultrasaundi, usinywe limao na mafuta ya zeituni ulivyoshauriwa kwenye grupu la WhatsApp.

Macho kuwa manjano na choo kuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi maana yake nyongo haishuki. Hiyo ni hospitali, sio duka la dawa.

Mpaka saa tano usiku hivi: utumbo mwembamba

Mita kama sita ukiupima umelegea, ndani ya mtu aliye hai misuli inaukaza unakuwa mfupi zaidi. Ndani una vidole vidogo vidogo mamilioni kama manyoya ya zulia, na kila kimoja kinanyonya. Tuliambiwa shuleni ukiutandaza unajaa uwanja wa tenisi, sio kweli, watafiti wa Sweden mwaka 2014 walipima upya wakapata eneo zima la ndani la njia ya chakula ni kama mita za mraba 30 na kitu, sebule kubwa tu. Bado sio haba.

Sukari ya ugali, protini ya dagaa, madini ya chuma ya mchicha, vyote vinaingia kwenye damu hapa na damu inapitia kwanza kwenye ini kukaguliwa. Maji ndo balaa: kila siku kama lita tisa zinapita hapa, mbili umekunywa, saba ni mate, asidi, nyongo na juisi zako mwenyewe, na karibu zote zinarudishwa mwilini. Sasa fikiria kipindupindu kinapofungua bomba, lita zile zote zinatoka nje. Mtu anaisha ndani ya masaa.

Na hapa ndo uzuri wa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji kwa anayeharisha. Ukuta wa utumbo una milango inayofunguka chumvi na sukari zikija pamoja, moja moja hapana, na zikiingia maji yanafuata. Mlango huo unabaki unafanya kazi hata kwenye kuhara kubaya. Ndo maana maji matupu hayatoshi na soda haifai. Hatua:

1. Pakiti ya ORS isome, nyingi ni za lita moja. Kila wiki nakutana na mama aliyeikoroga kwenye glasi moja ili iwe kali, hapo umemzidishia mtoto chumvi.
2. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi.
3. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi, endelea. Kunyonya na kula haviachwi.
4. Mtoto wa zaidi ya miezi sita ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, chini ya hapo miligramu 10.
5. Macho yamezama, hakojoi, amelegea, au kuna damu: kituo cha afya, hata kama ni usiku.

Maziwa yakikuvuruga tumbo hujarogwa. Watu wazima wengi kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa kinapungua baada ya utoto. Jamii za wafugaji kama Wamasai wengi wao wanabaki nacho, na utafiti wa mwaka 2007 uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha mabadiliko yao ya kijenetiki ni tofauti na ya Wazungu, yametokea kivyake. Jaribu mtindi, bakteria wameshapunguza sukari hiyo.

Usiku kucha na kesho yake: utumbo mpana

Mita moja na nusu. Unaanza chini kulia, unapanda, unakatiza juu ya kitovu, unashuka kushoto. Kilichobaki kwenye sahani yako ni nyuzinyuzi za mchicha, maganda ya maharage na maji, na wenyeji wanasubiri, bakteria matrilioni. Maharage yana sukari fulani ambazo sisi hatuna kimeng'enya cha kuzikata, wao wanazo njia zao, na wakila wanatoa gesi. Kwa hiyo kujamba mara kumi au hata ishirini kwa siku ni afya. Ukitaka kupunguza, loweka maharage usiku, maji yale mwaga, pikia mapya.

Kidole tumbo: hakisababishwi na mchanga wa kwenye wali, kwa kawaida kinaziba kwa kinyesi kigumu au kuvimba kwa ndani. Maumivu yanaanza kwenye kitovu, baada ya masaa yanahamia chini kulia, ukitembea kila hatua inauma, hamu ya kula hakuna. Usikande kwa maji ya moto, usinywe dawa ya kuharisha. Nenda.

Na kuna stori ya hapa hapa jirani ambayo naipenda. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, alifanya kazi Uganda miaka ya 1946 hadi 1966, akashangaa mbona magonjwa ya utumbo yanayojaza wodi za Uingereza huku hayaoni. Basi yeye na wenzake wakaanza kupima choo cha watu! Uzito wake, na muda tangu mtu ameze vipande vidogo vya plastiki mpaka vitoke. Kwenye matokeo ya mwaka 1972, wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi, Waingereza gramu 100 na ushee na siku tatu au zaidi. Tofauti kubwa aliyoiona ilikuwa nyuzinyuzi. Wale wanakijiji walikuwa wanakula vile ambavyo sisi mjini siku hizi tunavikimbia, tunakimbilia chipsi.

Chooni

Ukila asubuhi utumbo mpana unapata taarifa na unasukuma, ile hamu baada ya chai ni ya kawaida, itii. Ukiibana maji yanazidi kunyonywa, choo kinakuwa kigumu, unajikamua, bawasiri inakuja. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia, na kama una cha kukaa weka kigoda chini ya miguu. Rangi ya kahawia inatokana na nyongo. Nyeusi kama lami (na hunywi vidonge vya madini ya chuma), nyekundu, nyeupe, au kubadilika kwa wiki kadhaa huku unakonda, usinyamaze kwa aibu.

Jaribio la mwisho. Kaa siku nne bila mahindi mazima wala makande, alafu kula hindi moja la kuchemsha, andika saa, na uchungulie. Maganda yake hayameng'enywi kwa hiyo utayaona tu. Kati ya saa 24 na 72 uko sawa, ikizidi ongeza mboga, matunda, dona na maji taratibu. Mimi nilikula Jumapili saa saba mchana, nikayaona Jumatatu saa mbili usiku, saa 31, karibu kabisa na wale wa Burkitt. Niliandika kwenye kalenda ya ukutani, "mahindi yamefika", na mpaka leo mke wangu anaulizwa na wageni ni mahindi gani hayo na yalitoka wapi.